Fundo la Mgongoni

Katika ukoo wetu, anayeshuka kisimani ndiye anayemfunga anayebaki juu. Watu wakiona mara ya kwanza hucheka, wakidhani tumekosea. Mdogo wangu, ambaye kwa kazi yake kila mtu humwita Fuko, hunivalisha mkanda wa ngozi unaopita mabegani na kiunoni kama mkoba wa shule. Mkanda umepitishwa ndani ya pete ya chuma, na kwenye pete hiyo ndipo iliposokotewa kamba yake moja kwa moja. Kisha hupita nyuma yangu na kuukaza kwa fundo katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono wangu haufiki hata nikijikuna kwa mwiko. Hapo ndipo anaposhuka. Kamba inapita juu ya kapi, mimi naiachia na kuivuta kwa mikono, lakini mwisho wake ni mimi. Yeye akiwa chini siendi popote, hata haja ndogo itasubiri. Fundo hulifungua yeye mwenyewe akishatoka.

Alitufundisha hivyo Babu Mdogo, ndugu wa babu yetu, marehemu sasa. Alinichagua nishike kamba nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu nilikuwa mnene. Alisema wazi mbele ya watu kwamba kamba inataka mwili, maneno matamu hayamvuti mtu. Nililia siku ile. Leo nina miaka arobaini na mitano, mwili umeongezeka na ulimi umeongezeka nao, na sijawahi kumwangusha mtu.

Sheria yake ya pili ilikuwa fupi: maji hayasingiziwi. Mchimba visima anaweza kudanganya umri wake, au siku atakayokuja kazini, na sisi tunadanganya sana siku ya kuja kazini. Lakini hasemi kuna maji mahali ambapo hayapo. Mtu akikuamini kwa maji amekuamini kwa maisha ya watoto wake. Nilikuwa sijawahi kuvunja sheria hiyo mpaka tulipokwenda kuchimba sanduku.

Habari ya sanduku ni ya kwetu, japo sasa imekuwa ya kila mtu. Wakati wa vita, askari waliwachukua Babu na Babu Mdogo wakawafanyie kazi kambini, ndani ya msitu ule mkubwa wa milimani. Bibi alikuwa na mimba ya baba yetu. Baada ya miezi mitatu Babu Mdogo alirudi peke yake, mifupa mitupu, akasema askari waliwapa sanduku la sarafu za dhahabu walifukie, na kabla hawajamaliza, kaka yake alitoroka nalo. Basi. Maneno hayo yalitoka mlangoni mwetu yakaenda sokoni, yakatoka sokoni yakaenda kila mahali. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Tangu hapo kila mwaka kuna mwendawazimu mmoja anaingia msituni na sepetu, na wawili hawakutoka.

Sisi tulibaki na jina. Baba yetu alikua akiitwa mtoto wa sanduku, sisi tukaitwa wajukuu wa sanduku. Bibi aliachwa na mume tajiri, hivyo ndivyo ilivyosemwa, na hakuwahi kubisha. Alimchukia Babu kwa utulivu, kama mtu anavyofanya kazi ya kila siku. Babu Mdogo alimjengea nyumba, akamlea baba yetu, hakuoa, na hakukosa hata jioni moja kuja kuuliza kama maji yamo ndani.

Miwani alikuja kwetu asubuhi moja Fuko akimimina zege kwenye kalibu za pete, zile pete kubwa tunazozishusha kisimani ili ukuta usianguke. Tulimpa jina hilo palepale. Alikuwa na miwani machoni, miwani nyingine juu ya paji la uso, na alikuwa akipapasa mifuko akitafuta ya tatu. Alijiita mtafiti. Nyuma yake alisimama dereva wake, kijana mpole mwenye mabega mapana, akiangalia kamba zetu zilivyoning'inia kwenye vigingi ukutani. Miwani alifungua mezani ramani ya kambi ya jeshi, nakala ya nakala, na kuweka kidole juu ya duara dogo lililoandikwa "shimo".

Alitujua sisi ni nani. Alisema waziwazi kwamba ametutafuta kwa damu yetu. Kwa maoni yake, sanduku la uzito ule mtu mmoja hawezi kulikimbiza, kwa hiyo Babu hakwenda nalo mbali, liko chini ya shimo lilelile. Akaongeza kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi, kwamba wakubwa wa jeshi walikuwa na desturi ya kumwacha mtu chini awe mlinzi wa mali. Tukikuta mifupa, tumwite upesi, sanduku linafuata.

Nilikataa. Pete za zege hazibebeki msituni kwa mabega, na shimo lililofukiwa halina ukuta wa kuaminika, kwani udongo ukishachimbwa hausahau. Fuko alinivuta pembeni. Ana miaka thelathini na minane, watoto watatu, na watoto hao wameshaanza kuitwa vitukuu vya sanduku shuleni. Alisema anataka kujua mara moja, liwepo au lisiwepo, ili aweze kumjibu mtu. Nikamwambia tumuulize Bibi, nikitegemea atakataa.

Bibi ana zaidi ya miaka tisini, haoni vizuri, na hukaa kitandani akiegemea mito miwili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tu, "Nendeni. Mkimkuta huko na wake zake, mwambieni mimi bado nipo."

Basi tulikwenda, kwa sharti langu moja ambalo Miwani alilikubali mbele ya Bibi: ukuta ukilia, tunatoka, hata kama tumebakiza shubiri moja. Kulia ndiko tunakokuita ule mlio mdogo wa udongo unaotaka kuanguka. Ukishausikia huulizi tena ni nini.

Gari lilifika mwisho wa njia, tukatembea siku nzima, Dereva akitangulia na panga kufyeka. Mahali penyewe palikuwa bonde dogo, na katikati yake udongo ulikuwa umezama kidogo kama kitanda kilicholaliwa. Mashine ya Miwani ya kutafuta chuma ikalia. Alipiga magoti akabusu ardhi, wallahi. Tulichimba tukatoa makopo ya nyama ya jeshi, yameoza, hamsini kama si zaidi. Mimi nilicheka mpaka Fuko akanikata jicho.

Siku ya pili ndipo kicheko kiliponiisha. Fuko alikuwa anachonga vidato, yale matundu ya kuwekea miguu, mkono mmoja kati ya kimoja na kingine, akakuta vingine vimeshachongwa chini ya vyake. Vilikuwa vya nafasi ileile, vya kupishana kulia na kushoto vilevile, na kila kimoja kilikuwa na mfereji mdogo wa kisigino. Zaidi ya ukoo wetu hakuna wanaochonga mfereji wa kisigino. Jioni, Miwani akiwa anaandika daftari lake, Fuko alinionyesha kwa kidole kwenye mchanga. Kazi ilikuwa ya Babu, hilo halikuwa na shaka, na kuanzia hapo tulikuwa tunakanyaga alipokanyaga.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Fuko alikuwa kidato cha ishirini. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, miguu imekita kwenye gogo, mkanda umebana. Dereva alikuwa anavuta ndoo ya udongo na kuiweka mbele yangu, maana kwetu anayeshika kamba ndiye anayeusoma udongo kwanza, mwingine haugusi. Miwani alikuwa ameinama ukingoni, nikamwambia kwa mara ya kumi arudi nyuma, na kwa mara ya kumi akajitia hamnazo.

Kamba ilinivuta, mvuto mmoja mrefu na mmoja mfupi. Tuna ishara zetu. Mbili ni ndoo ipande, tatu ni nitoe. Mrefu na mfupi ni nyamaza, kuna jambo. Babu Mdogo aliiweka hiyo kwa sababu wenye kisima hupenda kusimama juu wakiuliza maswali, na kuna mambo hayasemwi mbele ya mwenye kisima.

Ndoo ilipanda. Niliingiza mikono yote miwili ndani ya udongo, nikijifanya naupima ubichi. Vidole vikagusa kitu baridi, kizito, cha mviringo kilichochongoka chini. Ilikuwa timazi, ile shaba tunayoining'iniza kwa uzi ili shimo lisiende upande. Nikaitafuta shingo yake kwa kucha ya kidole gumba. Ilikuwa na mkato mmoja.

Timazi yetu sisi, tuliyoirithi kwa Babu Mdogo, ina mikato miwili. Mhunzi mmoja aliwatengenezea ndugu wale wawili kwa siku moja, mkato mmoja wa kaka, miwili ya mdogo. Bibi ametusimulia hilo mara mia.

Babu hakuwa na wake wengine popote. Alikuwa chini ya miguu ya Fuko.

Niliisukuma timazi chini ya gunia nililokalia, nikaumwaga udongo, na uso wangu nikaufanya mzito kama kawaida yake. Akili ilikuwa inakwenda mbio. Fuko amekuta mifupa, na hataki ijulikane, kwa sababu yeye pia alikuwa mezani siku ile Miwani alipoeleza desturi ya walinzi. Miwani akisikia neno mifupa hatatuachia. Atasema sanduku limebakiza shubiri, na shubiri hiyo itamla ndugu yangu.

Na hapo hapo nikasikia. Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu anayevunja ukuni mbichi chumba cha pili. Ukuta umelia.

"Ukuta umelia," nikasema. "Anatoka."

Miwani hakugeuka hata kunitazama. Alisema yeye hakusikia kitu. Akasema mashine yake ilipiga kelele asubuhi ilipoteremshwa, kwamba tumekaribia, kwamba nimuulize kijana aliye chini ameona nini. Nilimkumbusha sharti. Akasema sharti tuliwekeana mjini.

Hapo nikavunja sheria. Sikupanga, ulimi ulitangulia.

"Kuna maji," nikasema. "Yametoka. Hakuna kuchimba tena leo."

Nilijisikia kama nimemtukana mzazi. Miwani aligeuka, akavua miwani moja akavaa nyingine, akaniangalia. Alitaka kuyaona. Nikauinamia mdomo wa shimo kadiri mkanda ulivyoniruhusu, nikamwita mdogo wangu kwa sauti ya kawaida ya kazini, nikamuuliza maji yamefika wapi.

Nilimngoja Fuko. Alikuwa mtu wa kazi ile tangu utotoni, na hajawahi kunisikia nikisema maji ya uongo. Nilihesabu pumzi zangu. Nne.

"Kwenye vifundo vya miguu, Dada," ikaja sauti yake kutoka chini. "Ya baridi."

Nilimwambia Dereva amshushie galoni ya maji ya kunywa ndani ya ndoo, kwa kuwa maji ya kisima kipya hayanywewi. Hilo ni kweli, na uongo ukichanganywa na kweli humezeka vizuri zaidi. Galoni ikashuka. Ndoo ikapanda na tope zito, linachuruzika. Miwani alitia mkono mpaka kiwikoni. Akanusa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulifikiria, akamgeukia Dereva na kumuuliza galoni iko wapi. Haikuwa imerudi.

Uso wake ulibadilika. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema alijua tangu mwanzo, mwizi huzaa mwizi, babu yetu alitaka kula peke yake na sisi tunataka vilevile. Akasema nifungue kamba. Dereva ataishika, mimi nisogee kando, na kijana ataendelea kuchimba mpaka aseme alichokiona.

"Sifungui," nikasema.

"Fungua, mama."

"Sina uwezo. Fundo liko mgongoni. Anayelifungua yuko chini."

Alinizunguka. Nilisikia vidole vyake vikihangaika na ngozi, na fundo la Fuko si la mtu wa daftari. Ukuta ukalia tena, sasa kwa sauti ya kusikika na wote, na vipande vya udongo vikaporomoka. Kutoka chini kamba ikanivuta mara tatu. Nitoe.

Miwani alimwambia Dereva akate.

Nilianza kuvuta. Nilivuta kwa mikono na kwa miguu, na huku nyuma nikasikia Dereva anakuja, nyasi zinakatika chini ya viatu vyake. Ubapa wa panga uligusa mgongo wangu juu ya fundo, baridi kupita kwenye gauni. Sijawahi kuogopa hivyo. Nawaambia ukweli: mikono iliendelea kuvuta, lakini moyo wangu ulikuwa tayari kufanya lolote panga lile liondoke. Kama fundo lingekuwa mbele, mahali pa kufikika, sijui vidole vyangu vingefanya nini. Ningependa kusema nisingeligusa. Sijui.

"Mwanangu," nikamwambia Dereva, sikugeuka, "ukikata, uishike wewe. Usipoishika, umeua mtu ambaye umekula naye siku nne."

Panga liliondoka mgongoni. Nilingoja lishuke. Badala yake nikaona mikono miwili mipana inaikamata kamba mbele yangu.

"Bosi, mimi niliajiriwa kuendesha gari," Dereva alisema, na akavuta.

Fuko alipanda vidato akivutwa, kichwa kikatokea, kisha mabega. Dereva alimshika kwapani akamtupa nje kama gunia la mkaa. Nilikuwa bado nakwenda kinyumenyume nilipoona mdomo wa shimo unalegea. Haukuwa na kishindo. Udongo ulijikunja ndani, ukameza miti ya kapi, ndoo, sepetu, na pale palipokuwa na shimo pakabaki bonde, kama siku tuliyofika. Mashine ya Miwani ilikuwa ukingoni. Ilikwenda nayo.

Miwani alipiga magoti tena, mara hii hakubusu kitu. Nilikunja gunia langu, na timazi ndani yake, tukaondoka. Njiani kurudi alikaa kiti cha nyuma akikumbatia daftari, na mji ulipoonekana aliuliza, kwa adabu kabisa, kama tuna uhakika hatukuona chochote. Fuko akajibu kwamba aliona udongo.

Tulifika nyumbani mchana. Sikuoga, sikunywa maji. Tuliingia moja kwa moja chumbani kwa Bibi, tukakaa kila mmoja upande wake wa kitanda. Nikamwekea timazi kiganjani. Aliishika, akaitafuta shingo kwa ukucha kama nilivyofanya mimi, akaupata ule mkato mmoja. Alikaa muda mrefu anaupapasa, huku na huku.

"Mliikuta wapi?" akauliza.

Fuko alimweleza. Alisema Babu alikuwa chini kabisa, wima, mgongo ukutani, udongo umemshika pande zote. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya kidato cha kwanza kutoka chini. Alikuwa anapanda. Chini ya miguu yake kulikuwa na mwamba mtupu wenye alama za sururu.

"Na sanduku?" nikamuuliza. Nilikuwa sijamuuliza njia nzima.

"Hakuna sanduku, Dada. Mwamba haujavunjwa. Walikuwa wanachimba kisima cha kambi. Askari wa siku zile wakirudi nyuma walifukia visima, adui asipate maji. Wamekifukia na yeye ndani."

Kisha akatia mkono kifuani mwa shati, akatoa vyuma viwili vilivyoliwa na kutu, akavilaza juu ya shuka. Kimoja kilikuwa kulabu ndogo, ile ya mkanda wa anayeshuka. Cha pili kilikuwa pete kubwa. Alisema alivikuta pamoja, mapajani mwa Babu, na kamba yenyewe ilikuwa imeoza ikabaki rangi tu kwenye udongo.

Niliitazama pete ile. Nilijua ni nini, kwa kuwa pacha wake alikuwa ubavuni mwangu wakati huohuo. Hiyo ni pete ya juu, ya anayeshika kamba. Kamba ikikatwa, pete ya juu hubaki juu na mtu wa juu. Pete hii ilishuka na kamba nzima. Mtu aliiachia.

Na aliyekuwa juu, sote watatu tulimjua. Alirudi peke yake na hadithi ya sanduku. Watu walikuwa wamechimba msitu mzima kwa hadithi ya mtu mmoja aliyeona aibu.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumtukana marehemu aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Lakini mgongo wangu bado ulikuwa unalikumbuka panga, na tusi likagoma kutoka.

Bibi aliweka timazi chini. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Miaka yote hii nimemchukia mtu aliyekuwa anasubiri kamba."

Kisha akanyoosha mkono kunishika, nadhani alitaka kuniegemea, na vidole vyake vikakutana na ngozi ya mkanda. Katika mbio zile Fuko alikuwa amesahau kunifungua, aliikata kamba tu kwa panga, na mimi nilikuwa nimelala nao, nimetembea nao msitu mzima na kupanda nao gari. Bibi aliufuata mkanda kwa mkono, begani, ubavuni, mpaka nyuma. Akalifikia fundo.

"Nani kakufunga hivi?"

Nikamwambia ni Fuko, kama siku zote, kwamba ndiyo desturi yetu tangu mababu.

"Desturi gani," akasema. "Mimi nimeolewa kwa wachimba visima. Kabla ya vita hakuna aliyefungwa. Pete ilikuwa inashikwa mkononi. Hili fundo alikuja nalo shemeji yangu aliporudi. Kisima cha kwanza baada ya vita, alimwita yule aliyekuwa anashuka, akampa mgongo, akamwambia nifunge mahali nisipofika. Watu walicheka sana."

Alipumua.

"Alikuwa anajijua," akasema.

Fuko aliinuka aje anifungue, kwa kuwa ni haki yake. Bibi alimwambia akae. Akaanza kulifungua yeye mwenyewe, kwa vidole vyake vya miaka tisini, polepole, na sisi tulimngoja mpaka alipomaliza.